Je, Wajua? Kasuku Hakuogopi Wewe, Anauogopa Mkono Wako

Beni na Butembo kasuku hahitaji kutambulishwa. Msitu wa Ituri uko jirani, na mkia ule mwekundu umeonekana kwenye baraza nyingi tangu enzi za babu zetu. Tuseme safari hii amehamia kwako: rafiki amehama mji, shangazi amezeeka, au jirani amechoka na kelele, nawe umemrithi pamoja na tundu lake. Anakula vizuri, anapiga mluzi, hata watoto wa nyumba ya pili anawaita kwa majina. Lakini ukiingiza mkono tu, anajibana kwenye kona na kupiga ukelele utadhani anachinjwa. Kabla hujamwita mkorofi, hebu soma haya.

Kasuku hunguruma kama mbwa

Kasuku wa kijivu akibanwa hutoa ngurumo nzito ya kifuani, sawasawa na mbwa anayelinda mfupa wake. Na huyo ni ndege ambaye kwa kawaida hafiki hata nusu kilo! Ngurumo hiyo ni ilani anayokupa kwa heshima zote. Ukisimama palepale na kurudi hatua moja, anajifunza kwamba neno lake linasikika. Ukiendelea kusogeza mkono, anajifunza kwamba kuonya ni kazi bure, na kesho ataruka ilani na kwenda moja kwa moja kwenye kuuma.

Kwake yeye, mkono unaotoka juu ni tai

Macho ya kasuku yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona mbele, kando na karibu nyuma yote bila kugeuza shingo. Macho ya namna hiyo ni ya kiumbe anayewindwa. Adui mkubwa wa kasuku msituni hushuka kutoka angani, tena ghafla, na kucha zimefunguliwa. Sasa fikiria vidole vyako vitano vikimteremkia kupitia mlango wa juu wa tundu! Mkono unaofaa huja polepole, usawa wa kifua chake au chini kidogo, kutoka upande anaouona, vidole vikiwa vimekunjwa.

Huenda mkono wa kwanza aliokutana nao ndio uliomfunga

Kati ya mwaka 1975 na 2013, zaidi ya kasuku wa kijivu milioni 1.3 waliotolewa porini waliingizwa katika biashara ya kimataifa. Hao ni wale tu walioandikwa kwenye makaratasi. Waliokufa njiani hawamo. Wengi hunaswa kwa ulimbo uliopakwa kwenye matawi, au kwa nyavu mahali wanaposhuka kunywa maji, kisha hubanduliwa kwa mikono na kusongwa kwenye vikapu na masanduku. Nchini Ghana, watafiti wamekadiria kuwa kati ya asilimia 90 na 99 ya kasuku hao wametoweka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu Januari 2017, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, umemweka kasuku wa kijivu kwenye orodha yake yenye ulinzi mkali kuliko zote. Ndiyo maana kasuku mpya wa nyumbani asitoke msituni, atoke kwa mtu asiyeweza kumtunza tena. Na huyo aliyetoka msituni miaka mingi iliyopita ana sababu nzuri tu ya kuikataa mikono.

Jicho lake ni cheti cha kuzaliwa

Kinda la kasuku wa kijivu huwa na macho meusi. Kadiri anavyokua, duara la jicho hugeuka kijivu, halafu njano iliyopauka, na akifika mwaka mmoja hadi miwili rangi ya utu uzima imeshaingia. Mwuzaji akikuapia kwamba ndege mwenye macho ya njano ni kinda wa miezi mitatu, mwombe akueleze vizuri. Jambo hili lina uzito, kwa sababu mtu mzima huja na historia yake, na kumzoesha mkono ni kazi ya miezi.

Anaweza kuifinya mboni yake kwa hiari

Mboni ya jicho lako hubanwa na mwanga, upende usipende. Kasuku ana misuli ya jicho anayoiamuru mwenyewe, na akisisimka mboni hubana na kupanuka haraka haraka, kama taa inayowashwa na kuzimwa. Inaweza kuwa furaha, inaweza kuwa hasira, kwa hiyo soma na mwili wote. Manyoya yakigandamana mwilini na shingo kunyooka, ana hofu, ondoa mkono. Akiwa amekunja mguu mmoja, manyoya yamelegea, na anasaga mdomo taratibu kwa sauti ya mchanga, ametulia. Hapo unaweza kusogea.

Mdomo wake ni mguu wa tatu

Mwaka 2022, watafiti wa New York waliwapandisha kasuku wadogo aina ya cherero kwenye ukuta wenye vipimo vya nguvu. Wakakuta kwamba mdomo unabeba na kuvuta mwili kwa nguvu sawa na mguu, au hata zaidi! Ndege hawa hupanda kwa mdomo, mguu, mguu, na kurudia tena. Hapa ndipo mazoea mengi huharibika. Kasuku akikaribia kukanyaga kidole chako kwa mara ya kwanza, hutanguliza mdomo na kukigusa, kama mtu anayejaribu ubao wa daraja kabla ya kuukanyaga. Mwenye kidole hudhani anaumwa, anauvuta mkono kwa kishindo, na ndege anahakikisha kwamba daraja lile kweli ni bovu. Tuliza mkono, acha apime.

Pilipili haimwashi hata kidogo

Ile pilipili inayowatoa machozi wageni kwenye meza za Butembo, kasuku huitafuna na mbegu zake kama karanga. Sisi tuna kipokezi kwenye neva kinachoishika kemikali ya pilipili na kupeleka taarifa ya moto kwenye ubongo. Ugunduzi wa kipokezi hicho ulimpa mwanasayansi David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kipokezi cha ndege hakiitambui kemikali hiyo, na ndiyo sababu ndege hueneza mbegu za pilipili porini bila kulalamika. Kwako ni habari njema: una kitamu cha bei ndogo cha kumzawadia.

Chakula anachokipenda huhitaji kukitafuta mbali

Msituni kasuku wa kijivu ni mpenzi mkubwa wa tunda la mchikichi, lilelile linalotupa mafuta ya mawese. Beni michikichi ipo tele. Chukua tunda moja, lipasue, uliweke kwenye ncha ya kijiko chenye mpini mrefu, kisha ukae kando ya tundu ukitazama pembeni. Mara ya kwanza atanyoosha shingo mpaka manyoya ya kifuani yapasuke mistari, ang'oe kinyama kidogo cha rangi ya chungwa, na kurudi kona yake kukitafuna. Kadiri siku zinavyokwenda, shika mpini karibu zaidi na ncha, mpaka kitamu kiwe kwenye vidole. Hujamlazimisha hata hatua moja. Yeye ndiye aliyeufuata mkono.

Utajiri wa Kivu ya Kaskazini ni sumu kwake

Avoka, kahawa, kakao: vitu vitatu vinavyosomesha watoto wengi kati ya Lubero, Butembo na Beni, na vyote vitatu vinaweza kumwua kasuku. Avoka ina kemikali inayodhuru misuli ya moyo wa ndege, na wa kukosea zaidi ni yule anayempa kipande kwa mapenzi. Kahawa na kakao huuendesha moyo wake mbio usizoweza kuzizuia. Ukitaka kumshawishi kwa chakula, kaa kwenye karanga zisizo na chumvi wala ukungu, mahindi mabichi, papai, ndizi na pilipili. Akionekana mgonjwa, wakazi wa Butembo wana bahati: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kina kitivo cha tiba ya mifugo papo hapo mjini.

Walimu wawili humshinda mmoja

Mwaka 1975 mtafiti Mjerumani Dietmar Todt aligundua kwamba kasuku wa kijivu hujifunza haraka akiwatazama watu wawili wakizungumza na kujibizana mbele yake. Irene Pepperberg wa Marekani akaichukua mbinu hiyo kwa Alex, kasuku aliyemnunua dukani Chicago mwaka 1977. Alex alijua maneno zaidi ya 100, alitaja rangi saba na maumbo matano, na aliweza kuhesabu hadi sita. Alikufa Septemba 2007 akiwa na miaka 31, na magazeti ya dunia yakaandika taazia yake kama ya mtu mashuhuri. Nyumbani kwako mbinu ni ileile. Mama amnyooshee mtoto karanga kwa mkono wazi, mtoto apokee, ashukuru, aitafune kwa raha, na kasuku ashuhudie yote. Wivu utafanya kazi ambayo kubembeleza kumeshindwa.

Aliwatoa jasho wanafunzi wa Harvard

Kasuku mwingine wa Pepperberg, Griffin, alishindanishwa na wanafunzi 21 wa Chuo Kikuu cha Harvard katika mchezo wa vikombe: vishada vya rangi vinafichwa, vikombe vinahamishwa huku na huku, kisha unaulizwa rangi fulani iko wapi. Katika majaribio 12 kati ya 14, Griffin alilingana nao au akawapita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Ubongo wake ni mdogo, lakini anajua vizuri nini kimewekwa wapi na nani. Kwa hiyo ule mkono uliomshika kwa nguvu Jumatatu ili kumkata kucha, usitegemee aupokee Jumanne kwa sababu tu umeshika karanga. Kazi za lazima na zenye maumivu, ikiwezekana, mpe mtu mwingine azifanye.

Kasuku humsaidia mwenzake bila kudai malipo

Katika jaribio lililofanywa Tenerife, kisiwa cha Hispania, kasuku wa kijivu walifundishwa kubadilishana pete za chuma na watafiti kwa kitamu. Kisha ndege mmoja akapewa pete nyingi lakini dirisha lake likazibwa. Jirani yake alikuwa na dirisha wazi ila hakuwa na pete. Kasuku saba kati ya wanane wakampitishia jirani pete zao, ingawa kitamu hakingewafikia wao. Tena waligawa zaidi pale jirani alipokuwa kweli na nafasi ya kuzitumia. Ndege mwenye moyo huo anaweza kukuhesabu wewe pia kuwa jirani, ili mradi mambo baina yenu yawe ya kupeana. Siku atakapokudondoshea mkononi ganda alilokwisha kulitafuna, pokea kwa heshima.

Msituni Kongo aliigiza hadi popo

Wakati nchi ikiitwa Zaire, watafiti walirekodi sauti za kasuku wawili porini na kuhesabu zaidi ya sauti 200 tofauti. Miongoni mwake zilikuwamo za ndege wa aina tisa wengine, na ya popo mmoja! Kundi la kasuku huunganishwa na miito: mmoja huita, mwingine hujibu, kila mtu anajua mwenzake yuko wapi. Itumie tabia hiyo. Chagua mluzi mmoja mfupi, upige kila unapokaribia chumba chake, na akiita akiwa peke yake mjibu kwa mluzi uleule. Sauti yako itazoeleka muda mrefu kabla ya mkono wako, na mkono utakuja kufaidi heshima ya sauti.

Usimpapase mgongo

Mtu aliyelea paka hukimbilia mgongo. Kwa kasuku, kuguswa mgongo, chini ya mabawa na karibu na mkia ni mambo ya mwenzi wa ndoa, na huweza kumletea ghasia za mwili na ukali usiotarajiwa. Mahali pa urafiki ni kichwa na shingo, penye vijinyoya vidogo asivyoweza kuvifikia mwenyewe. Akiinamisha kichwa na kuyasimamisha manyoya ya kisogo, anakupa ruhusa. Asipoinamisha, leo hapana.

Wekundu wa mkia anautengeneza mwenyewe

Flamingo huwa na rangi ya waridi kwa sababu ya chakula chake. Mnyime chakula hicho naye hupauka. Kasuku hakopi rangi kwa mtu. Nyekundu na njano za manyoya yake hutengenezwa mwilini mwake kwa kemikali ambazo katika ulimwengu wote wa ndege zimeonekana kwa jamii ya kasuku tu. Kwa hiyo kukoleza wekundu wa mkia kwa mafuta ya mawese si lazima. Angalia badala yake kama anajing'oa manyoya ya kifuani: hiyo ni dalili ya upweke, maradhi au hofu, na kumlazimisha mkono wakati huo ni kuongeza petroli kwenye moto.

Moshi wa makaa humfikia kabla yako

Hewa kwenye mapafu ya ndege hupita upande mmoja bila kurudi ilikotoka, ikisaidiwa na vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini. Mtambo huo hunyonya oksijeni kwa ustadi mkubwa, na sumu vilevile. Wachimba makaa wa Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo hadi miaka ya 1980, kwa sababu ndege alianguka kabla mtu hajahisi lolote. Tundu lisikae jikoni karibu na makaa, wala karibu na sufuria zile zisizogandisha chakula, ambazo zikiungua hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache. Na ndege anayepumua kwa shida huwa na hasira. Wengi huilaumu tabia kumbe tatizo ni jiko.

Ikweta ni yaya wake

Butembo iko takriban kilomita 15 tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Kasuku wa kijivu ni mzaliwa wa ukanda huu huu na anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 12. Wafugaji wa Ulaya hulazimika kufunga mapazia na kutega saa. Wewe jua linakufanyia bure. Kitu cha kuchunga ni baridi. Butembo iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, Beni kama 1,100, na ndege aliyeshuka au kupanda barabara hiyo ya kilomita 54 asilale kwenye baraza lenye upepo. Aliyelala vizuri huvumilia mkono. Aliyekesha na redio huuma.

Mkono safi kwanza

Mwaka 1929 hadi 1930 homa ya kasuku iliwakumba watu Marekani na Ulaya na kuua wengi, ikitoka kwa ndege walioagizwa kutoka Amerika ya Kusini. Bakteria wake husafiri kwenye vumbi la kinyesi kilichokauka, na bado wapo. Miji iliyoweka ndoo ya kunawia kila mlangoni wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 haihitaji somo refu: nawa kabla ya kumshika na baada ya kusafisha tundu, na kinyesi kilowanishe kabla ya kukifagia.

Asiyekubali mkono bado ana pa kwenda

Kule Lwiro, Kivu ya Kusini, kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe na nyani yatima hupokea pia kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara. Huko hukaa na wenzao, wakijifunza upya kuishi kundini. Kasuku mwingine, hata utumie mbinu zote, atabaki akipenda kasuku kuliko watu, na hilo nalo ni jibu. Anayeishi kwako anaweza kuzungumza nawe, kucheza nawe na kula kwenye kijiko chako maisha yote bila kukanyaga kidole hata siku moja.

Huenda akakuzika

Kasuku wa kijivu anayetunzwa vizuri huishi miaka 40 hadi 60. Aliyetotolewa mwaka 2020 anaweza kuwa anapiga mluzi mwaka 2070, wakati watoto wako wameshakuwa mababu. Ukiiweka hesabu hiyo mbele yako, miezi sita ya kuukaribisha mkono wako si kitu. Na uamue mapema nani katika ukoo atamrithi, kisha mfundishe huyo naye kushika kijiko.